Serikali ya Pennsylvania ya 1776 Haikuwa ya Wahuni

Kila simulizi ya kuzaliwa kwa Marekani ina jimbo lake la kuchekwa, na jimbo hilo ni Pennsylvania. Tunaambiwa kwamba makoloni yalipojitenga na Uingereza mwaka 1776, wakulima na wenye viduka wa jimbo hilo walijitwalia madaraka wasiyoyamudu, wakatunga katiba ya ajabu: bunge la chumba kimoja, hakuna seneti, hakuna gavana. Wakatawala kwa jazba miaka 14. Kisha mwaka 1790 wakaingia watu wenye busara, wakaongeza chumba cha pili, wakaweka gavana mwenye kura ya turufu, na mambo yakatulia.

Wanaoirudia simulizi hiyo ni watu waliosoma, na imo katika vitabu vya heshima. Mimi naikataa. Naikataa kwa sababu matendo ya serikali ile yanaikanusha, na kwa sababu inamfukia mtu aliyestahili kukumbukwa kuliko wengi waliochorwa kwenye noti za dola. Mtu huyo ni George Bryan.

Tuanze na chanzo cha simulizi yenyewe. Walioipaka matope serikali ya 1776 walikuwa wapinzani wake wa kisiasa. Benjamin Rush, daktari na mmoja wa waliotia sahihi Azimio la Uhuru, alichapisha kijitabu kizima mwaka 1777 kuishambulia katiba hiyo. James Wilson, mwanasheria hodari, aliipiga vita tangu mwanzo. Robert Morris, mfanyabiashara mkubwa wa Philadelphia, hakuitaka. Kule Massachusetts, John Adams aliiona ni hatari na akaandika kuutetea mfumo wa vyumba viwili. Hawa walikuwa wasomi, walikuwa na kalamu nzuri, na walihifadhi barua zao. Sisemi walikuwa waongo. Nasema walikuwa upande mmoja wa kesi, na wanahistoria wengi wamechukua hati yao ya mashtaka wakaisoma kama hukumu.

Sasa tuisome katiba yenyewe. Ilipitishwa tarehe 28 Septemba 1776 na mkutano ulioongozwa na Benjamin Franklin. Chini ya mkoloni, mtu hakuweza kupiga kura Pennsylvania mpaka awe na ekari 50 za ardhi au mali ya pauni 50. Fundi viatu wa Philadelphia aliyepanga chumba, hata kama alilipa kodi miaka yote, alikuwa mtazamaji tu. Katiba mpya ilimpa kura kila mwanamume huru mwenye umri wa miaka 21 aliyeishi jimboni mwaka mmoja na kulipa kodi. Uchaguzi ukawa wa kila mwaka. Mbunge hakuruhusiwa kukaa bungeni zaidi ya miaka minne katika kila saba. Badala ya gavana kuliwekwa Baraza Kuu la Utendaji, lenye mjumbe mmoja kutoka jiji la Philadelphia na mmoja kutoka kila wilaya, likiwa na rais na makamu wake waliochaguliwa mwaka hadi mwaka.

Yapo mambo mawili zaidi ambayo wakosoaji huyapita haraka, nami nataka tuyatazame vizuri. Kifungu cha 13 kiliamuru milango ya bunge ibaki wazi kwa kila raia mwenye adabu, isipokuwa usalama wa jimbo ukidai vinginevyo. Kifungu cha 15 kiliamuru kila muswada unaohusu umma uchapishwe na kusambazwa ili wananchi wausome kabla ya kusomwa bungeni mara ya mwisho, na kwamba, pasipokuwa na dharura, usipitishwe kuwa sheria hadi kikao kinachofuata. Maana yake, mbunge anarudi nyumbani na karatasi mkononi, anakaa na watu waliomtuma, wanamuuliza, wanamkaripia, kisha ndiyo anarudi kupiga kura.

Kwa hiyo hoja kuu ya wapinzani, kwamba bunge la chumba kimoja ni bunge lisilo na breki, inaanguka hapo hapo. Breki ilikuwepo. Ila haikukabidhiwa wazee wachache wenye mali katika chumba cha juu, ilikabidhiwa umma. Mtu anaweza kusema umma haufai kushika breki. Hiyo ni hoja inayojadilika, na laiti wangeisema hivyo waziwazi. Kusema breki haikuwepo si kweli.

Tena ulinganishe na kilichotokea miaka 11 baadaye katika jengo lilelile. Majira ya joto ya 1787, wajumbe waliotunga Katiba ya Marekani walikutana katika jengo la bunge la Pennsylvania, mle mle ambamo katiba ya 1776 ilitaka milango iwe wazi. Wao walifunga milango, wakaweka walinzi, wakakubaliana kutotoa siri. Seneti waliyoiunda iliendelea kukutana faragha mpaka mwaka 1795. Leo, raia wa nchi yoyote anapodai muswada uchapishwe kabla ya kupigiwa kura, au kikao cha bunge kiwe wazi, anadai kile ambacho wale wanaoitwa wahuni walikiandika mwaka 1776. Hakuna anayemwita mhuni.

George Bryan hakuwa mjumbe wa mkutano uliotunga katiba hiyo, lakini ndiye aliyekuja kuwa nguzo yake. Alizaliwa Dublin mwaka 1731, akafika Philadelphia mwaka 1752, akafanya biashara ya meli na bidhaa. Alikuwa Mpresbiteri, mtu wa vitabu, asiye na mvuto wa jukwaani. Mwaka 1764 alimshinda Franklin katika uchaguzi wa bunge la koloni, jambo ambalo si wengi wanaweza kujisifia. Mwaka 1765 alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Pennsylvania katika mkutano wa New York uliopinga kodi ya stempu. Biashara yake ikafilisika mwaka 1771. Serikali mpya ilipoanza kazi mwaka 1777 akawa makamu wa rais wa Baraza Kuu. Waingereza walipoiteka Philadelphia Septemba mwaka huo, serikali ilihamia Lancaster. Na rais wake, Thomas Wharton, alipofariki huko Mei 1778, Bryan akabeba mzigo wote hadi Desemba.

Ni katika miezi hiyo, vita vikiwa vinaendelea, hazina ikiwa tupu, fedha ya karatasi ikishuka thamani kila wiki, ndipo Bryan alipolisukuma bunge litunge sheria ya kuwafungua watoto wa watumwa. Novemba 1778 aliliandikia rasmi, akilikumbusha kwamba Baraza lilikwisha kutoa mapendekezo. Muda wake katika Baraza ulipokwisha, aligombea ubunge mwaka 1779, akashinda, akaingia bungeni na kuusimamia muswada huo mwenyewe. Ulichapishwa, kama katiba ilivyotaka. Watu wakausoma, wakaandika magazetini, wakaleta maombi ya kuupinga na ya kuuunga mkono. Tarehe 1 Machi 1780 ukapita kwa kura 34 dhidi ya 21.

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kukomesha utumwa kutungwa na bunge la kuchaguliwa nchini Marekani. Ilitungwa na bunge la chumba kimoja lililoitwa la wahuni.

Sheria hiyo ilifanya kazi hivi. Kila mtoto atakayezaliwa na mama mtumwa baada ya siku ile hatakuwa mtumwa, bali mtumishi wa bwana wa mama yake mpaka afikishe miaka 28, kisha awe huru. Kila mwenye watumwa alitakiwa kuwasajili kwa karani wa wilaya kabla ya tarehe 1 Novemba 1780, kwa jina, umri na jinsia. Asiyesajiliwa alikuwa huru. Na mtumwa aliyeletwa na mgeni kutoka jimbo lingine akakaa Pennsylvania miezi sita, alikuwa huru, isipokuwa watumishi wa nyumbani wa wajumbe wa Kongresi na wa mabalozi wa nje.

Kasoro zake nazijua, na sitaki kuzifunika. Haikumfungua hata mtumwa mmoja aliyekwisha kusajiliwa. Rasimu ya kwanza ilisema wasichana wawe huru wakiwa na miaka 18 na wavulana 21. Wenye mali wakavuta, ikafika 28 kwa wote, yaani miaka bora ya mtu ilienda bure kwa bwana. Mtumwa hakuruhusiwa kutoa ushahidi dhidi ya mtu huru. Mtu mweusi aliyezaliwa Februari 1780 na aliyezaliwa Machi ya mwaka huohuo waliishi maisha mawili tofauti kabisa, na hakuna haki katika hilo. Utumwa haukufutwa kabisa Pennsylvania mpaka mwaka 1847. Atakayeniambia sheria ile ilikuwa ndogo, nitamkubalia. Lakini swali langu kwa wanaoisifu mifumo yenye vyumba viwili ni moja: yenu ilifanya nini wakati huo?

New York inafaa kutazamwa. Ilikuwa na kila kitu ambacho Adams alikipenda: baraza la wawakilishi, seneti, gavana, na juu yao Baraza la Mapitio lenye uwezo wa kuzuia sheria. Mwaka 1785 muswada wa kukomesha utumwa polepole uliingia humo, ukavutwa huku na huku baina ya vyumba viwili, kisha Baraza la Mapitio likauzuia. Sababu ya kuuzuia ilikuwa njema, maana muswada ulikuwa unawanyima kura weusi watakaokuwa huru. Lakini njema au mbaya, matokeo yake yalikuwa hayohayo: hakuna kilichopita mpaka mwaka 1799. Kwa miaka 14 watoto waliendelea kuzaliwa watumwa New York wakati mashine ile ya busara ikijizungusha. Katiba ya Marekani ya 1787 nayo, kazi ya watu wenye busara kuliko wote, iliilinda biashara ya kuingiza watumwa mpaka mwaka 1808 na kuamuru mtoro arudishwe kwa bwana wake. Baada ya kuyajua hayo, mtu aniambie tena kwamba hatari ya wakati ule ilikuwa bunge la Pennsylvania.

Huko Pennsylvania, uchaguzi wa 1780 ulileta wabunge wa mrengo mwingine, na mwaka 1781 likafanyika jaribio la kuongeza muda wa usajili. Maana yake ilikuwa kwamba watu waliokwisha kuwa huru kwa sababu mabwana zao hawakuwasajili wangeweza kurudishwa utumwani. Weusi hao hawakukaa kimya. Walilisihi bunge, na sauti yao ikachapishwa gazetini kwa kila mtu kuisoma. Jaribio likashindwa. Nasimama hapa makusudi, kwa sababu ni mahali ambapo breki ile ya umma ilionekana ikifanya kazi, na mikono iliyoivuta ilikuwa ya watu waliotoka utumwani miezi michache tu kabla.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini nami sina budi kuyataja ya upande wa pili, kwa sababu yapo na ni mazito. Juni 1777 serikali hii ilitunga sheria ya kiapo: asiyeapa utii kwa jimbo alipoteza kura, cheo, na hata haki ya kushtaki mahakamani. Waliopigwa zaidi ni Wakweka, ambao imani yao iliwakataza kuchukua upande wowote katika vita. Na Wakweka ndio waliotangulia kuukataa utumwa. Mwaka 1776 mkutano wao wa Philadelphia ulikwisha kuamua kuwatenga waumini wanaoendelea kumiliki watumwa. Kwa hiyo wengi wa waliokuwa na dhamiri safi kuliko wote juu ya jambo hilo hawakuwa na kura bunge lilipochaguliwa kuliamua.

Zito zaidi ni la tarehe 4 Novemba 1778. Siku hiyo Abraham Carlisle na John Roberts, Wakweka wawili, walinyongwa Philadelphia kwa uhaini, kwa kosa la kuwasaidia Waingereza walipoushika mji. Maelfu ya watu walitia sahihi maombi ya msamaha. Baraza, likiongozwa na Bryan, lilikataa. Mwezi uleule, kalamu ileile iliyokataa kuwasamehe watu wawili ililisihi bunge liwafungue watoto wa watumwa. Hilo siwezi kulipatanisha, na sitajaribu. Bryan hakuwa mtakatifu. Baraza lile lilikosea, na nadhani lilikosea vibaya.

Hata hivyo makosa hayo hayakutokana na chumba kimoja. Viapo vya utii viliwekwa pia na majimbo yenye vyumba viwili, na wafuasi wa Mfalme walinyang'anywa mali kila mahali. Ilikuwa ni vita, na vita vya ndugu kwa ndugu. Ukimlaumu Bryan kwa ukatili, nitasimama nawe. Ukidai katiba ndiyo iliyomfanya katili, lete ushahidi.

Hali ni hiyohiyo kwa shtaka la uchumi. Wanasema serikali ya wakulima iliharibu fedha, bei zikapanda, watu wakapigana mitaani. Ni kweli bei zilipanda, na ni kweli Oktoba 1779 wanamgambo waliivamia nyumba ya James Wilson kwa silaha na watu wakafa. Lakini fedha iliyoporomoka ilikuwa hasa ya Kongresi, ikisambaa katika majimbo yote 13. Machi 1780 Kongresi yenyewe ilikiri kwamba dola 40 za karatasi zina thamani ya dola moja ya fedha. Kuitwika Pennsylvania mzigo wa bara zima ni kutafuta wa kulaumiwa.

Tuje sasa kwenye fujo, kwa kuwa neno hilo ndilo linalotupwa zaidi. Nani aliifanya serikali ile isitawalike? Katiba ilitaka theluthi mbili ya wajumbe wawepo ndipo kikao kiwe halali. Bunge la kwanza lilipokutana mwishoni mwa 1776, wapinzani walidai katiba ifumuliwe mara moja; walipokataliwa wakajiondoa, na akidi ikavunjika. Wanasheria na wenye nafasi walikataa vyeo vya uhakimu, mahakama zikakaa bila watu. Adui alikuwa njiani kuelekea Philadelphia. Halafu watu walewale wakaandika kwamba serikali haifanyi kazi.

Mwaka 1787 mambo yakageuka. Tarehe 29 Septemba wengi bungeni walitaka kuharakisha uchaguzi wa mkutano wa kuidhinisha Katiba mpya ya Marekani, iliyokuwa imetiwa sahihi siku 12 tu kabla. Wafuasi wa katiba ya 1776 walitaka watu wapewe muda wa kuisoma, kwa hiyo wakabaki nje. Waliohudhuria walikuwa 44. Akidi ilikuwa 46. Basi kundi la watu likaenda kwenye nyumba walimopanga wajumbe wawili wa mashambani, James McCalmont na Jacob Miley, likawakamata, likawaburuta barabarani nguo zikiwa zimeraruka, likawasukuma ukumbini na kuziba mlango. McCalmont alisimama akaomba aondoke, akatoa mfukoni shilingi tano za faini ya utoro awalipe wamwache. Wakamkatalia. Akidi ikatimia, kura ikapigwa.

Hivyo ndivyo walivyofanya watetezi wa utaratibu. Na hata mwaka 1789, walipoamua kuiondoa katiba ya 1776, hawakufuata njia iliyoandikwa ndani yake. Katiba iliunda Baraza la Wakaguzi, la kuchaguliwa kila baada ya miaka saba, na hilo tu ndilo lililoweza kuitisha mkutano wa marekebisho kwa theluthi mbili ya kura. Mwaka 1783 na 1784 baraza hilo lilikutana, waliotaka mabadiliko wakakosa theluthi mbili. Safari iliyofuata walilikwepa: bunge likaitisha mkutano lenyewe, bila mamlaka ya kikatiba ya kufanya hivyo. Waliokuwa wakihubiri kwamba chumba kimoja kitavunja sheria wakatumia chumba kimoja kuivunja.

Bryan alikuwa jaji wa mahakama kuu ya jimbo tangu 1780, na alifariki tarehe 27 Januari 1791, miezi michache baada ya katiba mpya kuanza kazi. Serikali aliyoitetea ilikuwa imekwisha. Sheria yake ilibaki, na ilikuwa na meno kuliko wanavyokiri wanaoidharau. Philadelphia ilikuwa makao makuu ya Marekani wakati huo, na Rais George Washington aliishi humo na watumwa wa shamba lake la Mount Vernon. Aprili 1791 mwanasheria mkuu wa serikali, Edmund Randolph, ambaye watumwa wake mwenyewe walikuwa wameitumia sheria ile kudai uhuru, alitoa onyo kwamba msamaha uliowekwa kwa wajumbe wa Kongresi huenda usimkinge Rais. Kuanzia hapo nyumba ya Rais ikawa inawatoa watumwa nje ya mipaka ya jimbo kabla miezi sita haijatimia, kisha kuwarudisha, ilhali marekebisho ya mwaka 1788 ya sheria ile yalikataza kuwatoa watumwa kwa hila ya namna hiyo. Mwaka 1796 mmoja wao, msichana aitwaye Ona Judge, alitoka katika nyumba hiyo familia ikiwa mezani inakula, akapanda meli kwenda New Hampshire, na hawakuweza kumrudisha tena. Mwaka 1790 Pennsylvania ilikuwa na watumwa zaidi ya 3,700. Mwaka 1810 walikuwa 795.

Nawaomba walimu na waandishi wa historia jambo moja: mkifika Pennsylvania ya 1776, wasomeni walioshindwa pia, na sheria walizotunga, kabla hamjaandika neno fujo. Kisha muitazame na tarehe hii. Katiba ile ya wahuni ilimpa kura kila mwanamume huru mlipa kodi na haikutaja rangi yake. Mwaka 1838 Pennsylvania, ikiwa na seneti yake na gavana wake mwenye kura ya turufu, iliandika upya kifungu hicho na kusema mpiga kura ni mzungu. Wanaume weusi wa jimbo hilo hawakurudishiwa kura mpaka mwaka 1870.